Ukuta wa mtaa kwa mpangilio wa kanga: namna ya kuongoza warsha ya kuchora pamoja

Mtu mzima akialikwa kuchora ukutani, jibu la kwanza karibu kila mara ni "mimi sijui kuchora." Mtandikie mtu huyohuyo kanga mkekani umwulize inavyoonekana. Atakwambia pindo limeshiba, mji umebanwa, rangi zinapigana, na jina lake ni la kumkomoa mtu. Hayo yote ni maarifa ya mpangilio wa picha, na anayo tangu utotoni.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Kanga (leso, kwa watu wa Mombasa) ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yanayokaa chini ya mji. Mgawanyo huo ukiuhamishia ukutani, kila mtu anapata kazi inayomfaa. Asiyejiamini hupiga chapa za pindo, mwenye picha kichwani huingia kwenye mji, na mwenye ulimi huingia kwenye jina. Mfano tutakaoufuata ni ukuta wa nje wa kliniki ya mama na mtoto. Mchoro una upana wa mita 4.5 na kimo cha mita 3, washiriki ni 16 hadi 20, viongozi ni wawili, na vikao ni saba vya saa mbili na nusu kila kimoja. Kiongozi mmoja hatoshi. Mmoja anapozungumza na kikundi, mwingine anamwangalia yule aliyenyamaza kwenye kona.

Ukuta kwanza, watu baadaye

Usiite mtu kabla hujapata ruhusa ya maandishi. Kwa zahanati, mtafute mganga mfawidhi na kamati ya afya. Kwa shule, mwalimu mkuu na kamati ya shule. Kwa nyumba ya mtu, mwenye nyumba mwenyewe wala si mpangaji. Kisha upite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa chifu na ofisi za kaunti ukiwa Kenya. Barua itaje vipimo vya mchoro, utakaa kwa muda gani, na nani ana haki ya kuufuta. Kipengele hicho cha mwisho watu hukiruka, na ndicho kinacholeta machungu mwaka unaofuata mtu anapokuja kubandika tangazo lake juu ya mikono ya wenzake.

Ukiwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au mji wa kale wa Mombasa, usipake rangi ya kisasa kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Mbali na sheria za hifadhi, kuta hizo hupumua. Rangi ya plastiki huziba pumzi, unyevu hujikusanya nyuma yake, na baada ya mvua chache ngozi nzima hubanduka pamoja na lipu. Huko chora kwenye mbao ngumu au turubai, kisha mtundike.

Ukuta wa saruji uupime kwa njia nne kabla ya kuukubali. Pitisha kiganja: kikitoka na unga, rangi ya zamani imekufa na lazima ipigwe brashi ya waya. Bandika gundi ya tepu, ikandamize, uivute kwa ghafla. Ikitoka na magamba, hapo hapajashika. Kisha chukua nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani ukiziba pande zote nne kwa tepu, iache usiku na mchana. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani, ukuta unatoa unyevu na hakuna rangi itakayodumu mpaka chanzo kipatikane: bomba linalovuja, mfereji ulioziba, au udongo uliorundikwa kwenye msingi. Njia ya nne ni macho. Unga mweupe wa chumvi ufagiliwe mkavu. Ukiuosha kwa maji, chumvi huyeyuka, huingia tena ndani ya lipu, na hutoka upya ukutani siku chache baadaye.

Lipu mpya isubiri wiki nne. Saruji mbichi ina ukali unaounguza rangi, hasa rangi ya mafuta, ambayo hugeuka kitu chenye utelezi kama sabuni na kubanduka.

Majira nayo yana neno. Kwa pwani na sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo nafasi nzuri ni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Angalia pia jua. Ukuta unaotazama mashariki hupakwa alasiri, unaotazama magharibi hupakwa asubuhi. Kwenye jua kali rangi hukauka ikiwa bado kwenye brashi, mishono ya kila mpako huonekana, na wazee hawawezi kukaa hapo hata robo saa.

Rangi, na kwa nini isiwe ya mafuta

Mtu atauliza mbona msitumie rangi inayong'aa kama ya michoro ya Tingatinga. Ni swali la haki. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta kwenye vipande vya hadibodi, na mng'ao huo ndio watu wanaoupenda mpaka leo. Lakini picha za namna hiyo hutundikwa ndani ya nyumba na huchorwa na mtu mmoja mmoja. Kwenye ukuta wa saruji na watu 20, wakiwamo watoto na wajawazito, rangi ya mafuta inamaanisha harufu ya tina, mikono inayosuguliwa kwa mafuta ya taa, na saa nyingi za kungoja tabaka likauke. Tumia rangi ya maji ya kuta za nje. Kama ukuta ulishapakwa rangi ya mafuta, paruza uso wake kwa msasa ukiwa umeloweshwa, la sivyo rangi ya maji itateleza juu yake na kubanduka kama ngozi ya mjusi. Kazi hiyo wafanye watu wazima, watoto wakiwa mbali, na magamba yote yakusanywe, kwa sababu rangi za mafuta za zamani huwa na madini ya risasi.

Eneo letu ni mita za mraba 13.5. Lipu ya kawaida hunywa lita moja ya praima kwa kila mita 6 za mraba, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 ya praima ya kuta za saruji inatosha na kubaki. Nyeupe nunua galoni mbili: moja kwa mipako miwili ya msingi, nyingine ya kuchanganyia. Njano lita 2, kwa kuwa ina nguvu ndogo ya kufunika na mara nyingi hutaka mipako mitatu. Nyekundu, bluu na nyeusi lita moja moja. Ukiweza, chagua nyekundu ya udongo, ile inayokaribia rangi ya tofali. Nyekundu kali za dukani huwahi kupauka juani, ilhali za udongo hudumu.

Usiongeze rangi nyingine. Kanga nyingi nzuri zimesimama kwa rangi mbili au tatu tu. Kisutu cha harusi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi, na mtu hukitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Watu 20 wakipewa rangi kumi na mbili watazichanganya zote, na kila kopo litaishia kuwa na rangi ya tope.

Kwa upande wa vifaa, tafuta brashi sita za inchi 2, kumi za inchi 1, sita ndogo za mistari, rola mbili, godoro kuukuu la kukata sponji, vikopo 30, matambara, ndoo nne, karatasi za kaki za kufungashia, mikasi mitano, uzi wa fundi, na gunia dogo la mkaa. Mkaa wa jikoni unatosha kabisa kuchorea. Chagua vipande vyepesi vinavyoacha alama laini, na vile vizito vinavyokwaruza uvirudishe jikoni.

Kikao cha kwanza: kanga sakafuni

Kila mtu aje na kanga moja. Kiongozi aje na tano au sita za akiba, ili asiyekuwa nayo, au ambaye yake imechakaa na anaona haya, asijulikane.

Kabla ya lolote, malizeni suala la fedha. Waambie wazi kama kuna nauli au hakuna, kama kuna chai, na kama kuna fundi anayelipwa. Warsha nyingi hufia hapa. Watu husikia kikao cha tatu kwamba kuna mwenzao alipewa posho, na kikao cha nne wanakuja wanne. Kama bajeti ni ndogo, chai na maandazi kwa wote ni bora kuliko bahasha kwa wachache. Pangeni pia siku: msigongane na sala ya Ijumaa, siku ya gulio, wala siku ya kliniki yenyewe. Mwezi wa Ramadhani kazi ya juani iahirishwe.

Tandikeni kanga zote mikekani. Watu wazunguke kimya kwa dakika 10, kisha uwaulize maswali matatu: jicho lako lilitua wapi kwanza? Pindo limefanya nini lilipofika kwenye kona? Ukilifuta jina, kanga hii inabaki kusema nini? Usimwulize mtu kanga yake ameipata wapi. Nyingine zimetoka msibani, nyingine kwa mume aliyekwisha kuondoka. Mwenye kutaka kusimulia atasimulia mwenyewe, na hapo mumsikilize mpaka amalize.

Baada ya hapo gawa mkaa na karatasi, penseli ziache nyumbani. Penseli humfanya mtu achore kitu kidogo kama kucha kisha akifute mara saba. Zoezi la kwanza: watu wawili wawili, dakika moja, kila mmoja amchore mwenzake bila kuinua mkaa na bila kutazama karatasi. Sura zote hutoka zimepinda, za fundi na za asiyejua, na hilo ndilo linalohitajika: chumba kinacheka pamoja na hakuna anayeongoza. Rudieni mara tatu, mkibadilishana. Zoezi la pili: kila mtu achore kitu kimoja anachokishika kila mara akija kliniki. Mizani ya kupimia watoto, kadi, ndoo yenye bomba, benchi, kitambaa cha kubebea mtoto. Kitu kijaze karatasi nzima. Pita ukisema jambo moja tu: "kubwa zaidi." Usisahihishe umbo. Na usichukue mkaa mkononi mwa mtu kumwonyesha inavyochorwa, hata akikuomba. Ukishamchorea mara moja, hatachora tena mwenyewe.

Kikao cha pili: mji

Unganisha karatasi za kaki mpaka upate upana wa sentimita 180 na kimo cha 105. Hiyo ni nusu ya vipimo vya sehemu ya ndani ya ukuta, kwa maana pindo letu lina upana wa sentimita 45 kila upande na ndani panabaki mita 3.6 kwa 2.1. Piga mistari ya miraba ya sentimita 15: miraba 12 kwa upana, 7 kwa kimo. Safu ya chini kabisa iache wazi kwa ajili ya jina.

Michoro ya kikao cha kwanza ikatwe kwa mkasi kufuata maumbo, kisha vipande vihamishwe huku na huku juu ya kaki bila kugundishwa. Hapa ndipo kiongozi anahitaji uvumilivu. Kila mtu atataka kipande chake kiwe katikati. Weka sharti mapema: mji utabeba vitu vikubwa vitatu, visizidi. Vinavyobaki vinahamia kwenye pindo, ambako vitarudiwa mara nyingi kuliko hata vya katikati. Sharti hilo humaliza ugomvi mwingi, kwa sababu hakuna kazi ya mtu inayotupwa.

Kila baada ya dakika 15 wote wasimame hatua kumi kutoka kwenye kaki na wafumbe jicho moja nusu. Kisichoonekana kutoka hapo hakitaonekana barabarani.

Usiwagawie watu miraba, kila mmoja na wake, wachore wanachotaka. Wazo hilo hujitokeza kwa sababu linaonekana la haki, lakini ukuta hugeuka kibandiko cha viraka na kila mtu hulinda mraba wake badala ya kuutazama ukuta mzima. Miraba ni ya kuhamishia mchoro tu.

Ulizeni mapema kuhusu sura za watu. Mitaa mingi ya Waislamu hawapendi picha za watu wala wanyama, hasa karibu na msikiti, na si kila mtu atalisema mbele ya kikundi. Hakuna hasara: kanga zenyewe zimeishi miaka yote hiyo kwa korosho, maua, birika na majahazi. Ulizeni pia kuhusu rangi. Tanzania, kijani na njano zikikaa bega kwa bega watu husoma chama, na karibu na uchaguzi ukuta unaweza kupakwa chokaa usiku mmoja.

Kikao cha tatu: jina

Hiki ndicho kikao kigumu kuliko vyote na kisifupishwe. Picha watu huipita, maneno huyasoma kila siku.

Gawa watu makundi ya wanne wanne: kina mama peke yao, kina baba peke yao, vijana peke yao. Wakichanganywa tangu mwanzo, wazee watasema na vijana watanyamaza. Kila kundi lilete maneno matatu, yawe methali au ya kutunga. Yasomwe yote kwa sauti mara tatu, na kila moja lipewe alama ya picha kwa wasiosoma: samaki, jembe, nyota, sufuria.

Kisha yapitishwe kwenye chujio mbili. Ya kwanza ni urefu: herufi na nafasi pamoja zisizidi 24. Ya pili ni fumbo. Maneno ya kanga ni silaha, kila mtu anajua. HASIDI HANA SABABU ikivaliwa hupita na mvaaji wake ikaishia kona ya mtaa. Ikiandikwa ukutani inakaa usiku na mchana ikitazama mlango wa jirani, na jirani huyo ataanza kuhesabu siku aliyogombana na mmoja wenu. Kwa kila pendekezo uliza: nani akipita hapa atadhani anasemwa yeye? Waulize vijana vilevile kama neno lolote lina maana nyingine mitaani. Wakianza kuchekana kwa chini, lina.

Yakibaki manne au matano, mpige kura kwa maharage. Kila mtu, mzee na mtoto sawasawa, apewe matatu. Vikopo vyenye alama vikae nyuma ya pazia, mtu aingie peke yake. Anaweza kuyaweka yote kopo moja au kuyatawanya. Mawili ya kwanza yakikaribiana sana, rudieni kwa hayo mawili tu. Kura ya mikono iepukwe: watu hutazama mkono wa mwenyekiti kwanza.

Tuseme limeshinda MKONO MMOJA HAULEI MWANA. Herufi 21 na nafasi tatu ni 24 kamili. Safu ya jina ina miraba 12 ya sentimita 30 ukutani, kwa hiyo kila mraba unabeba vyumba viwili vya sentimita 15: herufi ya sentimita 12, na 3 za kupumulia. Lakini herufi hazilingani. M ziko nne na W moja, na kila moja inadai kama sentimita 4 za ziada: jumla 20. Zitoke wapi? I ya HAULEI inahitaji chumba kidogo, inarudisha 8. Nafasi tatu za kati ya maneno zikipunguzwa kutoka 15 hadi 11, zinarudisha 12. Hesabu imefunga. Fanyeni haya kwenye kaki kwa vipande vya karatasi, herufi moja moja, mzisogeze kwa mkono mpaka macho yaridhike. Tumieni herufi kubwa zote, kama kanga. Hazina mikia, na zinakaa vizuri kati ya mistari miwili. Kimo cha sentimita 20 kinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara bila shida.

Makosa ya tahajia yanatokea ukutani, si kwenye karatasi. Mtu anayepaka herufi kubwa anaona maumbo, haoni neno. Kwa hiyo herufi zote zichorwe kwa mkaa kwanza, kisha watu watatu wasiohusika wazitaje moja moja kutoka mwisho kurudi mwanzo: A, N, A, W, M. Ndipo brashi iguse ukuta.

Kikao cha nne: chapa za pindo

Pindo la sentimita 45 lina kona nne za mraba, na katikati yake vipande vya upana wa sentimita 30: 12 juu, 12 chini, 7 kila ubavu. Jumla vipande 38. Kona zitatuliwe kwanza. Kona iwe na umbo lake lenyewe, kwa maana ukijaribu kulipindisha umbo la ubavuni, halitakutana na mwenzake.

Vile vitu vilivyokosa nafasi kwenye mji virahisishwe sasa viwe kivuli kimoja: kadi, kikombe, nyayo ya mtoto. Kata tundu la kivuli hicho kwenye plastiki ngumu ya majalada ya faili: hicho ndicho kiolezo. Sehemu zinazobaki katikati ya tundu, kama duara la ndani ya kikombe, lazima zishikiliwe na madaraja yenye upana wa sentimita moja au zaidi. Yakiwa membamba hukatika chapa ya tano. Kata nakala tatu za kila kiolezo ili watu wafanye kazi pande tatu kwa wakati mmoja.

Kupiga chapa kunafundishwa kwa kushika, maelezo hayatoshi. Kata sponji ukubwa wa yai. Chovya ncha tu, kisha ugongegonge kwenye karatasi kuukuu mpaka alama zitoke kavu kidogo, zenye vitundu. Sasa gonga kwenye kiolezo, moja kwa moja kama anayegonga mlango, bila kusugua. Rangi ikivuja chini ya plastiki, sababu ni moja kati ya tatu: sponji imeloa mno, mtu anasugua, au mgongo wa kiolezo haujafutwa. Ufutwe kila baada ya chapa tatu. Kila mshiriki apige chapa 10 kwenye kaki kabla ya kuruhusiwa ukutani, kiongozi akiwamo.

Kikao cha tano: msingi na miraba

Siku chache kabla, watu wanne au watano waoshe ukuta. Penye ukungu mweusi, paka dawa ya klorini (ile watu huiita jiki) sehemu moja kwa maji sehemu tatu, ngoja dakika 15, suuza sana. Vaeni glavu, na msiichanganye na dawa nyingine yoyote ya chooni, kwani hutoa hewa ya sumu. Ukishakauka, praima mara moja, nyeupe mara mbili. Maji ya kuongeza kwenye rangi yasizidi mililita 100 kwa lita. Anayetaka kubana matumizi kwa kutia maji anapata ukuta unaotoa unga baada ya mwaka.

Mchoro uanzie nusu mita kutoka chini. Mvua hurusha tope mpaka hapo, na pindo la chini litaoza kabla ya mengine.

Kikosini awepo fundi mwashi, maana sasa ni kazi yake. Mstari wa chini upatikane kwa mpira wa maji (maji ya ncha zake mbili hukaa kimo kimoja), wa wima kwa timazi, yaani uzi wenye kizito. Kisha pimeni pembe kwa pembe: kwa mchoro wa mita 4.5 kwa 3, urefu huo ni mita 5.41, na vipimo vyote viwili vya pembe kwa pembe lazima vilingane. Vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, rudieni. Miraba ya ndani, ya sentimita 30, ipigwe kwa uzi uliopakwa unga wa mkaa: wawili wavute, wa tatu auinue na kuuachia. Ukuta ukikuta umepungua sentimita 3, msiibane chapa ya mwisho. Gawanyeni hasara kwa vipande vyote 12, milimita mbili na nusu kila kimoja, na hakuna jicho litakaloona.

Baadaye hamisheni mchoro kutoka kwenye kaki, mraba kwa mraba, kwa mkaa. Aliyechora umbo ndiye alihamishe. Utakapokosea hapa ni kwenye kutaja miraba, kwa hiyo andikeni namba juu na herufi ubavuni, kwenye kaki na ukutani vilevile.

Vikao viwili vya kupaka

Ukuta wa mita 4.5 unabeba watu watano kwa raha, mmoja kwa kila sentimita 90. Wengine wawe na kazi ya kweli: wawili kuchanganya rangi, wawili kuosha brashi, mmoja kwenye chai, wengine kwenye chapa za kujaribia. Zamu ibadilike kila dakika 30 kwa filimbi. Wenye magoti mabovu wawekewe viti mbele ya pindo la chini. Watoto wapake pale tu mkono unapofika wakiwa wamesimama chini. Juu ya mita 2, panda kwenye jukwaa la fundi lenye mbao mbili zilizofungwa, watu wazima tu, na ngazi ya kuegemeza isitumike kwa kupaka.

Kila rangi ya kuchanganya ichanganywe yote kwa mara moja na kuwekewa namba. Ikiisha katikati hamtaipata tena ileile. Ukutani andikeni namba hizo kwa mkaa ndani ya kila umbo, ili aliyekuja kikao hicho kwa mara ya kwanza naye ajue aanzie wapi. Vikopo vijazwe theluthi moja tu na vifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu. Anzeni na maeneo makubwa, rangi nyepesi kabla ya nzito, juu kabla ya chini. Pindo na mji viende pamoja. Jina na mistari myeusi vije mwisho.

Hatari kubwa ya siku hizi mbili ni mtu hodari. Kuna anayejua brashi, na kwa nia njema kabisa atapita nyuma ya wenzake akiwanyooshea kingo zao. Mama aliyekuja kwa wasiwasi akigeuka na kukuta jani lake limepakwa upya, ameondoka, hata kama mwili bado upo. Mpe mtu huyo kazi mapema: mistari myeusi ni yake, kikao cha mwisho, pamoja na wawili atakaowafundisha. Mstari mweusi wa unene wa kidole huficha kingo zote zilizopinda bila kumgusa mtu.

Picha za watoto zisipigwe bila idhini ya mzazi. Mgeni rasmi, kama yupo, aje kazi ikiisha, na asipewe brashi kwa ajili ya kamera mahali ambapo mtu mwingine alipangiwa.

Ukuta ukishakauka

Majina ya washiriki yaandikwe madogo ndani ya ukingo wa pindo la chini, yote, baada ya kusomwa kwa sauti ili aliyesahaulika ajitaje. Maji ya kuoshea brashi msiyamwage mtaroni wala karibu na kisima. Yaacheni kwenye ndoo usiku mmoja, rangi itatulia chini; maji ya juu mwageni kwenye udongo mkavu mbali na mboga, na tope lianikwe likauke litupwe na taka. Kwa kila rangi, nyeupe ikiwamo, wekeni robo lita kwenye chupa iliyozibwa sana, yenye namba ileile ya ukutani, pamoja na violezo vyote vya pindo. Chagueni nani atavitunza na siku ya kukutana mara masika yakiisha, kwa sababu pindo la chini ndilo litakalohitaji kupigwa chapa upya kwanza.